Stelingi ina mchezo na gia inagoma rivasi, waya na kebo za boti ya matanga zinatunzwaje?

MkaaKriki
Salamu wadau wa bahari. Mimi naangalia boti moja ya matanga hapa kriki ya Kilifi, faibaglasi ya zamani futi 36, usukani wake ni wa gurudumu sio wa kana (ule mkono wa kugeuzia usukani moja kwa moja), na ndani ina Yanmar ya silinda 3, ile 3GM30. Mwenyewe yuko Ulaya, atakuja kaskazi ikishasimama vizuri, anataka tushuke Pemba halafu Tanga, sasa ameniambia nihakikishe chombo kiko sawa na nina shida mbili zinaniumiza kichwa.

Ya kwanza ni stelingi. Ukizungusha gurudumu linaenda bure kama upana wa kiganja hivi ndio usukani ujibu, na ukilikata mpaka mwisho upande wa kulia unasikia kitu kinalia krrr huko chini ya kitanda cha nyuma. Nimefungua mbao nikamulika na tochi, nikaona ule waya wa stenlesi unavyopita kwenye roda (puli), na chini ya roda moja kuna unga mweusi umejikusanya. Roda ya pili haina kitu, safi.

Ya pili ni gia. Mkono ukiupeleka mbele unaingia, ukiurudisha rivasi unakaza mpaka utumie mikono miwili. Na ile kebo ya kuvuta kuzima injini siku zingine inatoka siku zingine haitaki kabisa.

Jirani wa boti ya pili ananiambia nijaze grisi kila mahali nimalize, mwengine anasema nipulizie ile spirei ya kopo la bluu ndani ya kebo. Kabla sijapaka chochote nauliza wenye kujua, hivi vitu vinatunzwa vipi hasa? Na nitajuaje waya umechoka ama bado unadai? Maana vitu vya yoti hapa ni kuagiza, sitaki nimuingize mwenyewe gharama ya kitu ambacho hakihitajiki.

fundi_Mtwapa
Usipake kitu kwanza bana, wala grisi wala hio spirei. Huo unga mweusi ndio unaokupa habari yote, ukiupaka grisi utaufunika. Waya ukipita sawa katikati ya mfereji wa roda hautoi unga wa maana. Ukiona umejikusanya hivo jua waya unasugua ubavu wa roda, yaani roda imekaa upande, ama bolti za sahani yake zimelegea, ama ile mbao iliyofungiwa imelainika kwa maji. Watu wengi wanachofanya ni kununua waya mpya wanaufunga kwenye roda ile ile iliyopinda, waya mpya nao unaliwa vilevile, halafu lawama zote zinaenda kwa waya.

Kwa faida ya wengine wanaosoma: ndani ya ile nguzo ya gurudumu, juu kabisa kuna sproketi na kipande cha cheni, cheni imeungana na waya huku na huku, waya zinashuka ndani ya nguzo zinapinda kwenye roda mbili za chini, kisha zinaenda mpaka kwenye kwadranti, ile robo duara iliyobana shina la usukani, na pale zinaishia kwenye bolti za jicho ambazo ndizo unakazia. Basi. Huo mchezo wako uko mahali katikati ya hapo, sasa kazi ni kujua wapi, sio kukimbilia kukaza.

Funga gurudumu kwa kamba lisitembee, breki ya nguzo usiiamini kama ni ya zamani. Shuka chini ushike kwadranti na mikono yote miwili uisukume huku na huku. Ikitembea na waya wa upande mmoja ukalegea, ni waya umelegea tu ama kuna roda inatembea. Kwadranti ikitulia lakini shina lenyewe linageuka ndani yake basi ni bolti za kwadranti ama ufunguo wake, kile kipande cha chuma kinachoishikisha na shina, umelika, na hio ni mbaya zaidi. Na shina likicheza kwenda pembeni, sio kuzunguka, hizo ni beringi za usukani, habari nyingine kabisa hio. Waya unakazwa mpaka hapo ambapo huwezi tena kuitembeza kwadranti kwa mkono na gurudumu limefungwa, unaishia hapo hapo. Ukizidisha stelingi inakuwa nzito, husikii tena chombo kinataka nini, na roda zinabeba mzigo usio wao.

Halafu muite mtu akae juu, akate gurudumu mpaka mwisho alibane kwa nguvu kwenye kizuizi, wewe uwe chini na tochi unaangalia kila roda na kila sahani. Isitembee hata kidogo. Ile itakayoinuka ama kulia krrr ndio mwizi wako. VIDOLE VIWE MBALI, roda ikishikana na waya na kidole kiko katikati hakitoki.

Waya wenyewe unaupima na tishu. Kunja tishu tabaka kama 5, ilowanishe na oili ya injini, SAE 30 inatosha, ushike waya kiulaini utembeze urefu wote polepole. Hapo umefanya kazi mbili kwa mpigo, waya umepata oili na palipo na uzi uliokatika tishu inanasa. Kwa mkono mtupu usijaribu, hio miiba ya stenlesi ikikuingia kwenye kiganja utakumbuka mwezi mzima. Tafuta zaidi pale waya unapokaa juu ya roda usukani ukiwa katikati, kwa sababu safari nzima wewe unasahihisha kidogo kidogo pale pale, ndipo unapochokea. Ukipata mwiba hata mmoja usijadiliane nao, badilisha zote mbili. Waya wa mabati unakuonyesha kutu mapema, stenlesi inachoka kimya kimya mpaka inakatika. Na hata kama hujaona mwiba, ukifika miaka 5 hivi badilisha.

Grisi kwenye waya na cheni sitaki kusikia. Haiingii ndani kati ya nyuzi, inakaa juu inashika mchanga na chumvi inakuwa msasa. Oili kidogo, ufute iliyozidi. Grisi inakaa kwenye beringi za shafti ya gurudumu peke yake, na angalia isidondokee breki.

nahodha_Unguja
Assalaam alaykum. Fundi kaeleza, mie nna suali moja tu kwa huyu bwana. Hio kana ya dharura ya chombo iko wapi?

Boti nyingi za gurudumu huwa na kana ya dharura, aghlabu bomba la chuma unalolichomeka juu ya shina la usukani kupitia kifuniko pale kwenye sitaha ya nyuma. Nimeshapanda vyombo vingi vya wageni ukiuliza wanaanza kutazamana. Iko chini ya maboya na magunia ya matanga huko, na kifuniko chenyewe kimekaza kwa chumvi hakijafunguliwa tokea mtu anunue chombo. Kifungue leo, ukipake grisi hicho (hapo fundi ataniruhusu), na kana uiweke pahala unapoifikia usiku bila ya taa.

Halafu uijaribu, na usiijaribie hapo kwenye maji shwari ya kriki. Toka nje ya mlango wa kriki, pandisha tanga, chombo kiwe kinakwenda, ndio uifunge. Utakuta fupi, utakuta inagonga gurudumu, utakuta inataka nguvu za watu wawili. Ndio hapo unajua kamba mbili zifungwe wapi na zipitie roda gani zikusaidie, na ukishajua unaziandika au unazitia alama. Mkondo wa Pemba sio wa kufanyia majaribio, unakupeleka kaskazini huku wewe unatafuta spana.

Mashua zetu kana iko wazi juu, ikiota ufa unauona asubuhi. Hili gurudumu kila kitu kimefichwa chini ya vitanda, ndio maana watu hawatazami.

Na tazama vizuizi vya usukani. Kwadranti inatakiwa igonge kizuizi kabla cheni haijafika mwisho wake kwenye sproketi. Kama kizuizi kimevunjika, siku mtarudi nyuma kwa injini usukani ukashikwa na maji ukapiga upande mmoja, mshindo wote unachukuliwa na waya.

pwani_express
Kaka mnamtisha huyu jamaa bure. Cheni za boda ziko kila kona Kilifi, ikikatika unaweka hio, kazi imeisha 😂

fundi_Mtwapa
@pwani_express haiingii. Hizi cheni za boda nyingi ni 428, pitchi yake ni nusu inchi, na sproketi za stelingi za boti nyingi ni za cheni ya pitchi inchi 5/8. Lakini hata ukiipata inayoingia, cheni ya chuma cha kawaida iko karibu kabisa na dira, dira inakaa juu ya hio nguzo. Utakuwa unazungusha gurudumu na dira inazunguka na wewe. Ndio maana cheni za stelingi ni za stenlesi ama shaba. Halafu kutu.

Na umenikumbusha, @MkaaKriki ili ufike kwenye cheni itabidi uinue dira. Weka tepu ya karatasi kwenye ukingo wake na kwenye nguzo, upige mstari mmoja unaopita tepu zote mbili, ili ikirudi irudi kwa pembe ile ile. Bisibisi zako usiziache pale juu wakati unasoma dira. Ukishaifungua angalia kile kiungo cha cheni kinachoshika waya, kotapini yake iko? Haijalika? Ndicho kinachosahaulika sana.

MkaaKriki
Shukran sana wote. Nimeingia huko chini na mdogo wangu akiwa juu kwenye gurudumu na mambo yameonekana.

Kwadranti haitelezi, shina limetulia. Roda ya kushoto ndio yenye unga, na alipobana gurudumu kulia nikaiona sahani yake inainuka upande mmoja kama unene wa shilingi halafu inarudi, ndio ile krrr. Bolti mbili za mbele zimelegea, nikizikaza zinazunguka tu, plaiwudi ya chini imekuwa laini unaingiza bisibisi. Mfereji wa roda umeliwa ubavu mmoja. Na tishu imenasa mara mbili, zote pale pale juu ya roda hio, waya wa kulia hauna kitu.

Kitu kingine, kwenye kwadranti waya wa kushoto umefungwa na klipu mbili na zimeangaliana, moja hivi moja vile. Ni sawa?

Kana ya dharura nimeipata nahodha, ilikuwa chini ya nanga ya akiba, lakini kifuniko mpaka sasa hakijafunguka nimekimwagia oili nasubiri.

Swali: mwenyewe ameacha waya wa mlingoti umebaki kwenye koili, milimita 6, wa stenlesi pia. Naweza kuutumia?

fundi_Mtwapa
Hapana hapana. Waya wa mlingoti ni 1x19, nyuzi 19 nene zimesokotwa mara moja, umetengenezwa usimame wima usinyumbuke. Ukiupitisha kwenye roda ndogo utavunjika upesi sana. Wa stelingi ni 7x19, ukiangalia ncha yake utaona vikamba 7 na kila kimoja kina vijiwaya 19, vinyembamba sana, ndio unakubali kupinda na kunyooka. Chukua kipenyo kile kile kilichopo, usinenepeshe ukidhani unaimarisha, waya mnene kwenye roda ile ile unapinda kwa shida zaidi na unakufa mapema, na mfereji hauukubali.

Klipu kuangaliana sio sawa. Zote mbili zikae namna moja: ile U ikae kwenye mkia, yaani ncha fupi iliyorudi, na kile kitandiko chenye meno kikae kwenye waya mrefu unaovuta. U inaumiza waya, sasa iache imuumize yule ambaye habebi mzigo. Na ndani ya kitanzi lazima pawe na kijiumbo cha chuma, kile kikombe cha kulinda jicho la waya, usizungushe waya mtupu kwenye bolti.

Hio plaiwudi kata utoe, weka mpya yenye epoksi pande zote na kwenye matundu, chini weka sahani ya stenlesi ama washa pana kabisa. Hapo ndipo kazi yako ilipo kusema kweli, waya ni kitu cha mchana mmoja. Roda mpya ukipata ya saizi ile ile nzuri, hukupata mpelekee mtu wa lezi asawazishe mfereji kama bado una nyama ya kutosha. Kisha ndio uweke waya, na uhakikishe ukiangalia kutoka nyuma ya roda kwa jicho moja waya unaingia na kutoka kwenye mfereji bila kugusa ubavu, usukani ukiwa katikati na ukiwa umekatwa pande zote.

Kabla hujafungua chochote weka usukani katikati kabisa ufunge kwadranti kwa kamba. Cheni nayo ncha zake mbili ziwe sawa huku na huku. La sivyo gurudumu litakataa kona moja zaidi ya nyingine.

dada_injini_Msasani
Wakuu stelingi mmeimaliza, gia ya watu mmeiacha hewani 😅 ngoja niiseme maana hizi kebo ndio mkate wangu.

Mkuu @MkaaKriki hizo sio waya kama za stelingi, ni kebo za kusukuma na kuvuta, ndani kuna ufito wa waya unaoteleza ndani ya ganda la plastiki. Nyingi za boti za namna yako ni aina ya 33C. Zimefungwa huko kiwandani na vilainishi vyake. USIPULIZIE KITU NDANI. Ile spirei inaosha kilainishi kilichokuwemo, wiki moja unafurahi imelainika, baadae inakaza kuliko mwanzo, na vumbi inashika. Kinachoua kebo hizi ni maji kuingia kwenye ganda lililopasuka au kwenye mpira wa mwisho pale kifimbo kinapotoka, waya wa ndani unapata kutu unavimba, unakuwa hauna nafasi ya kutembea. Ikishafika hapo haina dawa, hakuna kuitengeneza, ni kubadilisha.

Lakini kwanza uhakikishe ni kebo kweli. Injini ikiwa imezimwa, chomoa kebo ya gia upande wa giaboksi, toa ile kotapini na pini yake. Sasa nenda juu tembeza mkono wa gia. Bado unakaza? Chomoa na upande wa juu kwenye kichwa cha mkono, ushike kebo peke yake usukume na kuvuta. Ikikaza ni kebo. Ikiwa laini lakini kichwa cha mkono ndio kigumu, kifungue, kisafishe, hapo ndani ndio kunahitaji grisi ya maji chumvi. Na kama vyote viko laini basi shika kile kiwiko cha kwenye giaboksi kwa mkono, kipeleke mbele, katikati, nyuma, kinatakiwa kilie tak na kuingia bila vita. Kikigoma shida iko kwenye giaboksi, hapo usiagize kebo.

Kwa vile mbele inaingia na rivasi inagoma mimi nashuku kebo, kwa sababu kwa boti nyingi mwelekeo mmoja kebo inavuta na mwengine inasukuma, na kebo iliyovimba huwa inakataa kusukuma kwanza.

Ifuate kebo yote kwa macho na mkono toka juu mpaka chini. Angalia pale inapopita karibu na egzosi, pale ilipopinda sana (33C ya kawaida haitaki kona ndogo kuliko milimita 200 za nusu kipenyo), na pale mtu aliikaza na tai ya plastiki mpaka ikabonyea. Ganda lililopasuka, alama ya kutu kwenye kifimbo, kifimbo kilichopinda, yoyote kati ya hizo inatosha.

Ukipata jibu njoo nikwambie kupima.

MkaaKriki
Dada umejuaje 😂 Giaboksi iko laini kabisa, inalia tak pande zote. Kebo peke yake mkononi ngumu kuisukuma. Na nimeifuata mpaka nikafika nyuma ya injini, imelala juu ya kona ya egzosi, ganda limeungua limepasuka kama urefu wa kidole, ndani unaona kutu. Ya moto, yaani ya kuongeza na kupunguza mwendo wa injini, iko laini. Ya kuzimia bado sijaifuata yote.

dada_injini_Msasani
Imeshakufa hio, izike. Ila nakushauri uagize zote mbili, ya gia na ya moto, zimewekwa siku moja na zimepitia joto moja, na kazi ya kuingia huko nyuma ni ile ile. Ya moto ikiwa bado nzima unaikunja duara unaiweka iwe akiba.

Kupima: pima kebo nzima toka ncha ya uzi (ule wa kufungia nati) mpaka ncha ya uzi, zinauzwa kwa futi. Kama njia ya zamani ilikuwa inapita juu ya egzosi, utataka njia mpya, kwa hivyo pitisha kamba kwanza kwenye njia mpya na kona zake ndio uipime hio kamba. Ikiwa kati ya futi mbili chukua ndefu, duara kubwa la ziada halina shida, kebo fupi iliyovutwa ndio shida. Angalia na uzi wa mwisho, 33C huwa ni 10-32, usije ukaagizia kebo ya injini ya nje maana baadhi ya makampuni yana vichwa vyao havifungi hapo. Mombasa uliza kwa wanaofunga spidi boti kabla hujaagiza Durban au Dubai, unaweza ukaipata.

Kuingiza usichomoe ya zamani ukaitupa. Ifunge mwisho kwa mwisho na mpya kwa solatepu, vua nati zote kwanza ili isinase, uvute ya zamani upande mmoja mwenzako anasukuma mpya upande wa pili. Kama unabadilisha njia, ivutie kamba tu.

Sasa sikiliza hapa pazuri, kufunga sio mwisho. Weka mkono wa juu katikati, kiwiko cha giaboksi kiwe kwenye nyutro, ndio urekebishe kile kichwa cha uzi mpaka pini iingie bila kuilazimisha. Kisha peleka mbele mpaka mwisho, mwenzako chini achomoe pini ajaribu kusukuma kiwiko kwa mkono kama kinaweza kwenda zaidi. Kikienda zaidi ujue ulikuwa hujaingiza gia yote, klachi inateleza taratibu, inapata moto, inakula. Fanya hivyo hivyo rivasi. Klachi nyingi zinazosemwa zimechakaa zililiwa hivi, kebo haikufika mwisho. Ya moto nayo, mkono ukiwa chini kiwiko kwenye pampu kiguse skrubu ya sailensa (ya mwendo wa chini kabisa wa injini), na ukiwa juu kabisa kifike kizuizi cha juu.

Na kotapini mpya kila mara jamani, isiwe msumari uliokunjwa.

Ya kuzimia: hio ni waya wa kawaida ndani ya ganda la chuma, hio unaweza kuijaribu na oili nyembamba, inyanyue ncha moja uiache oili ishuke ndani usiku kucha. Ikikataa badilisha, ni bei ndogo kuliko zote. Ila watu wote wanaopanda hio boti waonyeshe kile kiwiko cha kuzimia kwenye injini yenyewe wakisukume kwa mkono. Kebo ikikatika injini inawaka, usije ukazima swichi kuu ya betri ukidhani dizeli itazimika. Haizimiki, na unaunguza daiodi za olteneta juu yake. Kiwiko kikigoma kabisa funika njia ya hewa kwa kipande cha ubao, sio kwa kiganja.

nahodha_Unguja
Na kebo ya gia ikikatika mkiwa mnaingia bandarini? Dada kasema ya kuzima, hii nayo hutokea, na hutokea pale pale mnapotaka rivasi.

dada_injini_Msasani
Kweli shekhe, haikatiki ukiwa baharini wazi 😄 Ndio maana nanga iwe tayari kabla hujaingia mahali pembamba, sio imefungwa kamba kumi. Ikikatika punguza moto, mtu mmoja ashuke akae na kiwiko cha giaboksi, apelekewe amri kwa sauti, mbele, nyutro, nyuma. Mjizoeze mara moja na kifuniko cha injini kimetolewa, angalia mikanda isishike nguo.

Mvita_Muscat
Naona mko na waya bado. Huku Maskati yoti nyingi tunaowahudumia wamehamia Dyneema, kamba ya nyuzi za plastiki ngumu sana, kwenye stelingi, milimita 6, haina miiba, haina kutu, unasuka jicho mwenyewe kwa mkono bila klipu. Ni nyepesi na inavuta kushinda waya wa kipenyo hicho. Kwa nini ahangaike na 7x19?

fundi_Mtwapa
@Mvita_Muscat siikatai kaka, ni kamba nzuri. Lakini kwa huyu bwana leo naikataa. Roda zake zimeshapitiwa na waya miaka na miaka, mfereji una makovu, Dyneema ikipita pale inakuwa sufi. Ili iwe salama abadilishe roda zote, na makali yote ya nguzo pale inaposhukia. Halafu ikipata mzigo wa kudumu inarefuka polepole, lazima uirudie kuikaza mara kwa mara mwanzoni, na kusuka jicho vibaya ni sawa na hukufunga kitu. Na iko karibu na egzosi huko nyuma, joto haipendi. Kama boti inajengwa upya roda mpya, sawa.

Mvita_Muscat
Hapo kwenye roda za zamani nakubali. Basi hata kama hatumii, awe nayo kipande cha kutosha njia nzima kama akiba, imeshasukwa jicho upande mmoja. Waya ukikatika usiku baharini hakuna mtu atakayekaa anakaza klipu na boti inayumba. Dyneema unaipitisha kwenye roda kwa mkono, unafunga, unafika.

fundi_Mtwapa
Hio nimeikubali bila kupinga. Jicho refu na fundo zuri, inafikisha bandarini.

MkaaKriki
Mrejesho wadau. Plaiwudi mpya imeingia na epoksi, sahani ya stenlesi chini, roda imepitishwa lezi Mombasa na inakaa sawa. Waya 7x19 umeingia pande zote, klipu zote U iko kwenye mkia. Mdogo wangu amebana gurudumu huku na huku, hakuna kilichotembea wala krrr. Kifuniko cha kana kimefunguka baada ya kukichemshia maji ya moto. Kana nimeijaribu nje ya mlango na tanga dogo la mbele, nahodha umesema kweli, inagonga gurudumu, kwa hivyo itabidi gurudumu livuliwe kwanza na spana yake nimeifunga pale pale kwenye nguzo.

Kebo ya gia nimeipata kwa watu wa spidi boti, haikuhitaji Durban. Rivasi sasa unaingiza na vidole viwili. Na ile ya pini dada, nilipoichomoa mbele ikawa inaenda zaidi kidogo, nikarekebisha uzi mizunguko kadhaa mpaka ikaisha.

Kitu kimoja tu, baada ya kutoka hio mara ya kwanza nikiishika kwadranti na gurudumu limefungwa inacheza tena kidogo. Nimekosea kukaza?

fundi_Mtwapa
Hapana, waya mpya hujinyoosha na klipu hujiweka sawa. Kaza bolti za jicho sawa kwa sawa pande zote mbili, ukikaza upande mmoja utausogeza usukani kutoka katikati ya gurudumu. Kaza na nati za klipu, kisha nati ya pili ya kufungia juu yake. Angalia tena mkifika Pemba, na mkifika Tanga, baada ya hapo itatulia.

Waya wa kulia wa zamani usitupe kama tishu haikunasa. Upake oili, ukunje duara pana, uweke na klipu 4 na spana yake ndani ya mfuko mmoja.

MkaaKriki
Nimeshauning'iniza juu ya jokofu la bia za mwenyewe, hapo najua hautapotea 😂